Gemu Imezima: Mwongozo kwa Mwenye Banda Asiyetaka Kumwita Fundi

Mwongozo huu ni wa mwenye banda la gemu, kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini na vichochoro vya Magomeni. Unamjua. Ana TV za chogo tatu, PlayStation 2 mbili zinazofanya kazi na ya tatu ya kuchinjia vipuri, benchi lililolegea mguu, na ukutani karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene, "Hakuna kukopa." Ni wa jirani yake pia, mwenye grosari, aliyewekewa mashine ya dubwi pembeni ya friji ikawa inameza sarafu za 200 usiku na mchana. Si wa mafundi. Mafundi wana tabia ya kupima kwanza ndipo wafungue, na mtu akiwa na haraka tabia hiyo inaudhi.

Ujue kwanza unashughulika na nani. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na mwanzoni mwa 2013 ikaacha kutengenezwa. TV ya chogo ilivuliwa cheo usiku wa 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam. Sebuleni zikaingia TV bapa na ving'amuzi, chogo zikashuka bei zikakimbilia mabandani. Kwa hiyo mbele yako una mstaafu uliyemrudisha kazini, zamu ya asubuhi hadi usiku, bila likizo wala bima. Akizimika Jumamosi saa kumi jioni, banda limejaa na mtu anaongoza bao moja dakika ya 88, usimshangae. Aliyekuwa anafungwa ataanza kudai hela yake papo hapo. Huyo mpuuze. Geukia TV.

Dawa ya kwanza ni kofi. Piga ubavuni, kiganja kikiwa kimenyooka, huku ukisema "Na hii nayo!" Picha ikirudi wateja watashangilia na utaamini umetengeneza. Hujatengeneza, ila umepima, na hapo hata fundi hatakubishia. TV inayorudi kwa kofi ina lehemu iliyopasuka mahali, mara nyingi kwenye miguu ya flaibaki au ya transista kubwa iliyobanwa kwenye bati la kupoozea. Vitu hivyo vinachemka mchana na kupoa usiku, bodi inatanuka na kunywea kila siku kwa miaka, mpaka risasi iliyoshika mguu inaachia. Ukiangalia kwa makini upande wa chini wa bodi utaona kiduara chembamba cha ufa kuuzunguka mguu. Kofi linausogeza mguu ukagusa tena. Lakini mguu unaogusa kwa kudra unatoa cheche, cheche inachimba, na baada ya miezi kofi halitoshi, unahamia kwenye ngumi. Tiba yake ni kuyeyusha ile risasi upya na kuongeza nyingine kidogo. Ni kazi ya dakika chache, na ni rahisi kuliko kununua kioo siku utakapoanza kutumia kiatu.

Wala usijione mnyonge. Mwaka 1972 kampuni ya Atari iliweka mashine yake ya Pong kwa majaribio katika baa iitwayo Andy Capp's Tavern, mjini Sunnyvale, California. Haikupita muda ikagoma. Akaitwa Allan Alcorn, mhandisi aliyeiunda. Alipofungua hakukuta kilichoungua: sarafu zilikuwa zimejaa hadi zimeziba njia. Banda lako likipatwa na ugonjwa huo, funga ukurasa huu ukatafute mtu wa kukusaidia kuhesabu.

Kabla hujashika bisibisi, tafuta mtoto. Mita ya kupimia umeme inauzwa. Mtoto wa miaka tisa anakuja mwenyewe, na huwezi kumfukuza hata ukitaka. TV ya chogo ikiwaka, flaibaki yake inavuma mara 15,625 kwa sekunde. Ni mlio mwembamba mno ambao masikio ya mtu mzima, hasa aliyekaa miaka mingi ubavuni mwa sabufa, yalishauacha. Mtoto anausikia akiwa nje ya mlango. Mwite:

"Dogo, sikiliza hapo. Inalia?"

Akisema inalia, na kioo ni cheusi, basi TV imeamka. Kagua waya za AV, kagua kama PlayStation yenyewe imewaka, kisha ndipo ushuku kioo. Akisema hailii, haijaamka kabisa, na shida iko kwenye pawa saplai au ukutani. Akisema inalia, inanyamaza, inalia tena, kuna shoti ndani na TV inajilinda, hivyo chomoa usiilazimishe. Mlipe mchezo mmoja. Huduma hiyo Kariakoo nzima huipati.

Ukutani ndiko mwenye banda asikopenda kuangalia. Imani yake ni kwamba soketi ilifungwa na marehemu babu, na marehemu hasemwi vibaya. Kwenye soketi hiyo moja kuna ekstensheni, kwenye ekstensheni kuna ekstensheni nyingine, na kwenye hiyo ya pili kuna TV tatu, sabufa, feni, pasi ya jirani na chaja za simu za watu ambao hata hawachezi gemu. Weka mkono juu ya plagi iliyofanya kazi saa mbili. Ikiwa ya moto, mguso wake ndani umelegea na hapo ndipo volti zako zinaishia. TV inapata mabaki, picha inanywea pembeni, PlayStation inajizima na kujiwasha, na wewe unamtuma kijana Dar es Salaam akanunue lenzi.

Fungua hiyo plagi. Ile ya miguu mitatu tuliyoachiwa na Mwingereza ina fyuzi ndani yake, kitu cha kwanza kukaguliwa na cha mwisho kukumbukwa. TV ya chogo ya inchi 21 inakula kama wati 100. Gawanya kwa volti 230: hupati hata nusu ampia. Fyuzi ya ampia 3 inamtosha na kubaki. Wewe umeweka ya 13 kwa sababu ndiyo iliyokuja na plagi. Au ilishaungua zamani, na sasa ndani kuna karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imeviringishwa kwa ustadi ambao ungeuonyesha shuleni ungefika mbali. Hongera. Shoti ikitokea karatasi hiyo haitakatika, utakaoungua ni waya, na waya umepita juu kwenye makuti.

Kuhusu umeme wenyewe, utaratibu wa mtaani unajulikana: ukirudi, watu wanapiga kelele "Huyooo!" na wewe unawasha kila kitu kwa mkupuo. Piga kelele, hakuna anayekukataza, lakini plagi ziache nje dakika kadhaa, maana dakika za kwanza mafriji ya mtaa mzima yanaamka pamoja na volti hazijatulia. Na ukiona usiku mmoja taa zako zinawaka kupita kawaida wakati za jirani zimefifia, usijisifu. Huenda nyutro imeachia nguzoni. Zile volti 400 zilizo kati ya fezi na fezi sasa mnagawana bila kuulizana, na mwenye matumizi madogo ndiye anayepewa nyingi. Chomoa kwanza, halafu toka nje ukashangae na wenzako.

Mpaka hapa nimesema mambo yanayoweza kutokea hata Dodoma. Dodoma hawana bahari. Ukitaka kujua hewa ya Bagamoyo imebeba nini, nenda Nunge ukaone maji ya bahari yanavyoanikwa yakabaki chumvi. Ile ile, kwa upepo wa kusi, inaingia bandani kwako bila kulipia mchezo. Inatua juu ya bodi pamoja na vumbi la barabarani na moshi wa mafuta ya samaki kutoka kwa mama wa jirani. Mchana haina neno. Ila hewa ikifikisha unyevu wa karibu asilimia 75, chumvi inaanza kunywa maji kutoka hewani mpaka iyeyuke, na pwani yetu kiwango hicho hukivuka usiku kama mchezo. Alfajiri bodi yako imepakwa utando wa maji ya chumvi, na umeme umefunguliwa njia ambazo mhandisi wa Korea hakuzichora.

Ndiyo maana kuna TV inayogoma saa mbili asubuhi ikakubali saa sita mchana. Mwenye banda anasema ina jini. Anachoma udi. Kwa bahati mbaya saa sita inafika, jua limeikausha bodi, TV inawaka, na udi unapata sifa usizostahili. Kesho anachoma mwingi zaidi, moshi unaacha utando wa kunata, chumvi inapata pa kushikia, na sasa TV inasubiri saa nane. Kwenye zile nyumba za mawe za mji mkongwe jambo ni baya zaidi, kwa sababu ukuta wa matumbawe na chokaa unashika unyevu, na soketi iliyochimbiwa humo inaota kutu kwa nyuma wakati kwa mbele inang'aa.

Siku fundi atakapofungua TV iliyokaa miaka michache upande wa ufukweni, simama nyuma yake uangalie. Miguu ya aisii imeota ungaunga wa kijani. Skrubu zimevimba kutu mpaka msalaba wake haushiki bisibisi. Katika kona ya pawa saplai, palipo na joto, yupo mjusi kafiri aliyekauka akiwa ameunganisha sehemu mbili ambazo hazikupaswa kuunganishwa. Na kwenye kile kikombe cha mpira kilichobana ubavu wa kioo utaona mistari myeusi yenye matawi, inatambaa kutoka kwenye mpira kwenda kwenye bati. Hizo ni nyayo za umeme. Usiku wa masika, taa zikizimwa, hapo panatoka mwanga wa zambarau na sauti ya "sss", pamoja na harufu kali inayokaa puani. Wateja wanadhani ni sehemu ya gemu.

Usafi wa hayo unataka brashi kavu, spiriti safi ya kazi za mafundi (si ile ya kuwashia jiko), na jua la kutosha kabla ya kuwasha tena. Hautaki maji ya bomba, wala dawa ya mbu, wala pumzi ya mdomo, ambayo nayo ni unyevu mwingine. Na kile kitambaa cha kufuma cha mama mkwe, kilichotandikwa juu ya TV kikaziba matundu ya hewa, kina wakati wake: kitandike usiku TV ikishapoa, kizuie vumbi. Mchana kikunje. Watu wengi wa pwani tumeua TV kwa urembo kuliko kwa radi.

Umeona neno "fundi" limejipenyeza hapo juu. Halikujipenyeza bure, na kwa aya hii moja naacha utani. Kioo cha TV ya rangi kinabeba volti zaidi ya 20,000 chini ya kile kikombe cha mpira, na kinaweza kuendelea kuzibeba baada ya plagi kuchomolewa. Kapasita kubwa ya pawa saplai nayo inaweza kubaki na volti 300 na ushee. Fundi anaijua hatari hiyo: ana bisibisi yenye mpini mzuri, imefungwa waya unaokwenda kwenye utepe wa chuma unaozunguka kioo, anaipenyeza taratibu chini ya kikombe, mkono mmoja mfukoni, mpaka isikike "ta!" Anarudia, maana kioo hukusanya tena. Kama hujui waya huo unafungwa wapi, acha kifuniko kilivyo. Na kama watoto wamekaa peku kwenye sakafu ya saruji yenye maji na wanasema pedi "zinatekenya", usicheke: chomoa, vuta benchi, weka mkeka, na mtafute mtu aangalie kama ethi ya hapo imefika ardhini au imeishia ndani ya ukuta.

Turudi kwenye upuuzi wetu. Kuna magonjwa yasiyohitaji kufungua chochote, na ndiyo yanayokula hela nyingi. La kwanza ni la rangi.

"Shekhe, njoo uone. Kipa amekuwa kijani upande huu, akienda kule anakuwa zambarau."

"Hiyo sabufa imewekwa lini hapo?"

"Jana. Haihusiki, inapiga vizuri sana."

"Isogeze."

"Niisogeze TV?"

"Sabufa, kaka. Sabufa."

Spika kubwa ina sumaku kubwa, na ndani ya kioo cha chogo kuna bati jembamba lenye matundu linaloelekeza kila mwali kwenye rangi yake. Likishikwa na sumaku, miali inapotea njia. Ondoa sabufa, zima TV kwa swichi yake kubwa, si kwa rimoti, iache ipoe kama nusu saa, kisha washa. Ule mvumo mfupi wa "dumm" ni koili inayofuta sumaku. Rudia mara kadhaa. Pasipo fundi, pasipo mganga, kipa anarudi kuwa binadamu.

Jingine ni la mashine iliyotoka Japani kwa njia ya Dubai au Zanzibar, bei ya kutupa. Ikikupa picha isiyo na rangi kabisa, haijaharibika: inatoa mfumo wa rangi wa NTSC na TV yako inajua PAL peke yake. Hiyo ndiyo bahati njema. Bahati mbaya ni ile PlayStation 2 nene ya Kijapani, ambayo pawa saplai yake iko ndani na imeandikwa volti 100 kwa nyuma, maandishi madogo, upande unaoegemea ukuta. Ukiichomeka kwenye 230 haitakusumbua kwa muda mrefu. Ile nyembamba mara nyingi ina adapta ya nje inayotoa volti 8.5. Soma kilichoandikwa kwenye adapta, usimwamini muuzaji aliyesema "zote zinaingiliana". Kweli zinaingiliana. Tundu ni moja, volti ndizo mbali.

Pedi nitazipita haraka. Pedi moja ikifa, waya umekatikia shingoni, pale mteja anapouvuta akikosa penalti. Zikifa zote mbili kwa pamoja na mashine inawaka, acha kuzifungua pedi. Kwenye bodi ya PlayStation kuna vifyuzi vidogo mno vya upande huo, na kimoja huenda kimekatika siku mtu aliposhindilia pedi yenye waya uliochubuka. Ni kazi ya fundi mwenye macho mazuri.

Mashine ya dubwi ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Inasimamiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ina funguo zake, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kuicheza, hata awe ndiye aliyeisikiliza TV yako asubuhi. Lakini ikianza kutema kila sarafu usisingizie umeme mdogo. Nyingi za mashine hizi hazijui pesa, zinajua kulinganisha: ndani ya kipokeo kuna sarafu moja ya mfano, ile yenye Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili, imekaa kati ya koili. Kila inayoingia inapimwa kwa huyo mfano. Zinazofanana zinapita, zisizofanana zinatemwa. Sarafu iliyookotwa ufukweni, imevaa kutu na mchanga, itatemwa kwa haki. Zikitemwa zote, hata mpya, basi mfano umesogea, au kuna aliyekuwa na ufunguo, akaishiwa chenji usiku, akaona humo ndani sarafu imekaa bure. Mwulize kwa upole kabla ya kuagiza kipokeo kipya.

Ikiwa umefanya yote haya na bado kioo ni mstari mmoja mweupe uliolala katikati, izime upesi, kabla mstari haujajichora kwenye kioo moja kwa moja. Sehemu inayotandaza picha juu na chini imekufa, mara nyingi ni aisii moja tu, na inatibika. Lakini wewe umeshachoka. Utafanya wanachofanya wote: utaifuta vumbi, utaiwekea kitambaa, na kumuuzia mtu wa Mapinga kwa maneno ya ukweli mtupu kwamba juzi ilikuwa inawaka. Wa Mapinga ataipiga makofi wiki mbili, atamuuzia wa Bunju. Wa Bunju ana fundi. Ataibadilishia aisii, ataipaka rangi ubavuni, ataisifu, na mwezi ujao utainunua wewe mwenyewe kwa bei ya juu, ukifurahi umepata TV iliyotunzwa. Ukifika nayo nyumbani, fungua plagi. Ukikuta mle karatasi ya sigara unayovuta wewe, usimwambie mtu. Toa, weka fyuzi ya ampia 3.